Safari Isiyo na Haraka: Mabishano ya Wachezaji, Yakitazamwa kutoka Barabara ya Uvira

Michezo ya video iliyo mingi humtuza mchezaji kwa wepesi wake: mkono mwepesi, jicho jepesi, bao la dakika ya mwisho. Pembeni yake imekua jamii nyingine ya michezo ambayo kazi yake ni kusafiri tu. Unaendesha basi, unatembea ufukweni, unavuka mto kwa kivuko, unakwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Hakuna adui wa kupiga wala kombe la kunyanyua. Wapo wanaoimaliza michezo hiyo wakiwa na donge kooni, na wapo wanaoizima baada ya robo saa wakidai pesa yao. Ubishi huo una miaka mingi, na karibu wote umeendeshwa na watu wa Ulaya, Marekani na Japani, ambao safari yao ya kila siku ina ratiba, kiti na saa ya kufika.

Nataka kuutazama kutoka mahali pengine. Uvira ni mji wa mashariki mwa Kongo, mrefu na mwembamba, umebanwa kati ya milima na ziwa Tanganyika, na barabara kubwa moja inaupitia kwa urefu wake. Mtu wa Kilibula anayekwenda Kavimvira, mpakani na Burundi, hana njia ya mkato ya maana. Atapita barabara hiyohiyo, atavuka mito ileile, pamoja na motari wa pikipiki, malori yatokayo bandari ya Kalundu, wanafunzi, na akina mama wenye beseni za samaki wa ndagala kichwani. Akitaka Bukavu ataendelea na uwanda wa Ruzizi: Runingu, Sange, Luberizi, Luvungi, Kamanyola, kisha milima. Ni kilomita 120 hivi, na dereva mzoefu hatakuahidi saa ya kuzimaliza.

Kwa watu wa huku, safari ya polepole haikuja kama ladha ya sanaa. Imekuwepo siku zote, bila kuombwa. Ndiyo maana nadhani maoni ya wachezaji juu ya michezo hii yanastahili kupimwa upya kwa kipimo cha barabara yetu. Nilivyoyapima mimi, wasifuji na walalamikaji wanabishana juu ya kasi wakati jambo lenyewe liko kwingine: ni muda wa nani unaotumika, na ndani ya muda huo kuna nani wa kuzungumza naye.

Tuanze na mchezo uliovuka mipaka yote ya uvumilivu. Mwaka 1995 wasanii wawili wa viinimacho wa Marekani, Penn na Teller, walitengenezewa mkusanyiko wa michezo kwa ajili ya mashine ya Sega CD, na mmoja wao uliitwa Desert Bus. Unaendesha basi tupu kutoka Tucson hadi Las Vegas kwa saa nane, saa za kweli za ukutani. Basi halizidi kilomita 72 kwa saa. Usukani unavuta kulia kidogo, kwa hiyo huwezi kuuachia ukaenda kula. Huwezi kusimamisha mchezo. Ukifika unapata pointi moja, kisha unaalikwa kurudi ulikotoka. Wenyewe waliubuni kuwajibu wanasiasa waliokuwa wakisema michezo ya video inafundisha ukatili: haya, chukueni mchezo usio na ukatili wowote, unaofanana kabisa na maisha. Mkusanyiko ule haukuwahi kuingia dukani.

Wapo waliouita mchezo mbaya kuliko yote. Halafu mwaka 2007 kundi la wachekeshaji wa Kanada, LoadingReadyRun, likaanza kuucheza kwa siku kadhaa mfululizo mbele ya kamera, kukusanya fedha za shirika la Child's Play linalopeleka michezo kwa watoto waliolazwa hospitali. Wamekuwa wakifanya hivyo kila mwaka, na wamechangisha mamilioni ya dola. Barabara ni ileile, jangwa ni lilelile. Kilichoongezeka ni watu waliokaa karibu na dereva: wanapiga soga, wanaimba, wananadi vitu, wanajibu salamu za watazamaji. Mchezo haukubadilishwa hata nukta moja, na umekuwa kitu ambacho maelfu wanakisubiri mwaka mzima. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba walalamikaji wa michezo ya polepole huwa wanataja kasi lakini wanaugua upweke.

Ukihama hapo ukaenda kwenye michezo ya kuendesha magari makubwa, sauti inabadilika. Euro Truck Simulator 2, iliyotolewa mwaka 2012 na kampuni ya SCS Software ya Prague, inapendwa kwa namna ambayo wageni hawaielewi. Mtu ametoka kazini amechoka, anakaa mbele ya kompyuta, anapeleka shehena ya kufikirika kutoka mji mmoja wa Ulaya hadi mwingine, na anasema amepumzika. Madereva wa kweli wa malori nao wamo. Siri moja ni ramani, ambayo imepunguzwa kwa kipimo cha takriban 1 kwa 19, hivyo safari ya siku nzima inaingia ndani ya jioni moja. Kwa kipimo hicho Uvira na Bukavu zingekuwa mbali kwa kilomita sita na kitu.

Siri ya pili ni usukani. Kwenye basi la kweli abiria hana neno. Dereva anasimama anapotaka, anapakia kupita kiasi, anapotea nusu saa nyuma ya kituo cha mafuta. Mchezo unamgeuza abiria yule kuwa mwenye gari, na nadhani hapo ndipo utamu wake ulipo kwa vijana wa Afrika Mashariki. Bus Simulator Indonesia, mchezo wa simu uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo, umepakuliwa zaidi ya mara milioni 100, na sababu kubwa ni kwamba unamruhusu mchezaji kulipaka basi rangi anazotaka. Vijana wamezibandika humo rangi za mabasi ya kwao. Mchezo ule una hata honi za muziki, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kusikia matatu ya Nairobi ikijitangaza hahitaji kufafanuliwa. Wajapani walitangulia kuona haya mwaka 1996 kwa Densha de Go! ya Taito, ambamo ushindi ni kusimamisha treni mahali pake hasa na kwa wakati wake. Lakini michezo hii ni ya ufundi, na hadithi ndani yake ni ndogo. Mwenye kuipenda anapenda kufanya kitu vizuri. Ubishi mkali uko kwingine.

Uko kwenye michezo kama Every Day the Same Dream, uliotengenezwa mwaka 2009 na Paolo Pedercini, Mwitaliano anayetoa kazi zake kwa jina la Molleindustria. Ni mfupi, wa dakika chache tu. Bwana mmoja asiye na uso anaamka, anavaa tai, anampita mkewe jikoni, anaingia kwenye lifti pamoja na bibi mzee, anapanda gari, anaingia foleni ya magari, anakaripiwa na bosi, anatembea kupita safu ndefu ya meza zinazofanana hadi yake. Kesho yake ni hivyohivyo. Rangi ni kijivu. Wachezaji walioacha hapo walisema hakuna mchezo, na kwa walichokiona walikuwa na haki ya kusema hivyo. Walioendelea waligundua kwamba siku haisogei mbele ila ukiivunja. Ukiliacha gari katikati ya foleni na kutembea kando ya barabara, unamkuta ng'ombe, unamgusa. Ukigeuka upande mwingine badala ya kwenda kwenye gari, yupo ombaomba atakayekuongoza hadi makaburini. Kuna jani moja linaanguka kutoka kwenye mti. Ukisimama ulishike, umefanya jambo.

Naupenda mchezo huu, na bado nina ugomvi nao. Unachukulia kwamba safari ya kwenda kazini ni gereza kwa sababu haibadiliki. Kwa mfanyakazi wa mji wenye metro na mishahara ya mwisho wa mwezi, huo ni ukweli unaoumiza. Kwa mama anayevuka Kavimvira kwenda kuuza Bujumbura, siku isiyobadilika ingekuwa baraka. Yeye huamka asijue kama mpaka umefunguliwa, faranga ya Burundi imeshuka kiasi gani, au ziwa limepanda hadi barabara ya Gatumba, kama lilivyofanya mara kwa mara tangu 2020. Yule bwana wa tai anatafuta ufa wa kutorokea. Mama huyu anatafuta mahali imara pa kukanyaga. Mchezo mmoja hauwezi kusema kwa wote wawili, na wahakiki waliouita mchezo wa binadamu wa leo walikuwa wanamzungumzia binadamu wa mtaa wao.

Pedercini mwenyewe hakuwa kipofu juu ya mitaa mingine. Mwaka 2011 alitoa Phone Story, mchezo wa simu unaofuata simu yenyewe ilikotoka, na hatua yake ya kwanza ni mgodi wa koltani nchini Kongo ambako watoto wanachimba chini ya bunduki. Apple waliuondoa kwenye duka lao muda mfupi baada ya kuuingiza. Hapo sehemu yetu, Kivu, imeingia kwenye mchezo wa video kwa sura tunayoijua sana: shimo, mtoto, bunduki. Sisemi ni uongo. Nasema ni ajabu kwamba madini yetu yamesafiri mpaka ndani ya kila maneti ya kuchezea na kila simu duniani, na safari zetu wenyewe hazijawahi kuchezwa na mtu yeyote.

Mchezo mwingine unaogawa watu katika jamii hii ni Kentucky Route Zero. Watengenezaji wake, kundi dogo linaloitwa Cardboard Computer, walitoa sehemu ya kwanza Januari 2013 na ya tano, ya mwisho, Januari 2020. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia polepole iliyo ndani ya mchezo, wachezaji walishasubiri miaka saba nje yake, na sehemu ya hasira iliyoandikwa juu yake ni hasira ya mteja aliyelipa mwanzo. Conway, dereva mzee wa duka la vitu vya kale linalokaribia kufungwa, anapeleka mzigo wake wa mwisho akiwa na mbwa wake, na anwani anayoitafuta haipatikani isipokuwa kwa njia ya chini ya ardhi. Huwezi kushindwa. Huwezi kukosea njia kiasi cha kuumia. Unachochagua ni maneno: Conway ajibu nini, mbwa aitwe nani, nani akumbuke nini. Wenye kuulaumu wanasema umekuwa kitabu kilichovaa nguo za mchezo. Wenye kuusifu wanasema hawajawahi kukaa na watu maskini, wenye madeni na waliohama makwao kwa muda mrefu hivyo bila mtu kuwahubiria.

Mimi niko na wasifuji, na sababu yangu iko katika sehemu ya nne, ile ya kivuko kinachoshuka mto wa chini ya ardhi. Kivuko kinasimama hapa na pale. Kila kituo unaamua: ushuke na fulani au ubaki chomboni na wengine. Ukishuka, hutajua yaliyosemwa chomboni. Ukibaki, hutajua ya nchi kavu. Yeyote aliyepanda boti kutoka Kalundu kwenda Baraka au Kalemie ameliishi jambo hilo. Boti inapokaa kituoni kupakia, habari inagawanyika. Aliyeshuka kununua mihogo anarudi na bei na fununu. Aliyebaki amesikia ugomvi wa nyuma ya pipa la mafuta. Kila mmoja anabeba nusu, na mwendo uliobaki ni wa kuunganisha nusu hizo. Mtengenezaji aliyeliona hilo ameelewa safari ya majini.

Lakini kuna kitu wasifuji hawakisemi, maana hakiwagusi. Mchezo wa namna hii ni maneno matupu, na maneno hayo yaliandikwa kwa Kiingereza. Kijana wa Uvira anayezungumza Kiswahili sokoni, Kifuliiru au Kivira nyumbani, na Kifaransa darasani, akipewa mchezo wa risasi anaucheza bila kuomba msaada. Bunduki haina lugha. Akipewa mchezo wa maongezi kwa lugha asiyoisoma, kilichobaki mbele yake ni mzee anayetembea polepole gizani. Akisema unachosha, hajakosea kuhukumu. Amehukumu kile alichopewa. Hali ni hiyo kwa Dear Esther, ambao Dan Pinchbeck na wenzake waliuanza mwaka 2008 na kuuza mwaka 2012, ambamo unatembea kisiwani Scotland ukisikiliza barua zikisomwa: toa sauti ile, kinabaki kisiwa chenye upepo. Michezo hii ilibandikwa jina la kejeli, kwamba ni mashine za kuigiza kutembea, na baadaye watengenezaji wakalikubali jina lenyewe bila aibu.

Suala la lugha linaniongoza kwenye chumba ambamo michezo inachezwa kwetu, jambo ambalo wahakiki wa mbali hawalifikirii kabisa. Uvira, kama Bukavu na miji mingine ya Kongo, sehemu kubwa ya vijana walijifunza kucheza katika vyumba vya kulipia: televisheni mbili tatu, mashine za PlayStation za toleo la zamani, benchi, na mwenye chumba anayehesabu mechi. Unalipa kwa mechi au kwa dakika. Anayeshindwa anaachia maneti, mwingine anakaa. Nyuma yako wamesimama watu, wote wana maoni juu ya mpira wako. Mpira wa miguu umetawala vyumba hivi kwa sababu umekatwa vipande vinavyolingana na malipo: una mwanzo, una mwisho, una wapinzani wawili na majaji kumi. Umeme wa mto Ruzizi ukikatika katikati ya mechi, hasara ni ya dakika chache na kelele kidogo.

Weka mchezo wa safari ya polepole mahali hapo. Utalipia saa nzima ya mtu mmoja kuendesha gari huku wengine wakimngoja? Mwenye chumba atakataa kabla ya wachezaji. Umeme ukikatika katika saa ya pili, kama mchezo hauhifadhi ulipofika, kazi yote imekwenda. Kwa hiyo swali la iwapo watu wetu wanapenda michezo ya polepole halijawahi kuulizwa kwa haki. Walioulizwa ni wale wenye mashine yao, chumba chao, umeme wao na jioni yao. Simu ndiyo imeanza kubadilisha hali, kwa sababu muda wa simu ni wako. Aliyekaa Kavimvira akingoja lori lijaze ana saa mbili za kutumia, na chaji iliyobaki inamwambia achague kwa busara.

Kuna michezo iliyochukua kungoja kwenyewe kama hadithi. The Longing, wa mwaka 2020, unamweka kiumbe mdogo pangoni alinde usingizi wa mfalme kwa siku 400 za kweli, na saa inaendelea kuhesabu hata mchezo ukiwa umezimwa. Waliousifu waliuita wa kutuliza roho. Nafikiria watu waliotoka pwani hii wakavuka ziwa vita vilipoingia mwaka 1996, wengi wakaishia kambi za mkoa wa Kigoma, ikiwemo Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa uliitumia meli ya MV Liemba, ile iliyozamishwa katika vita vya kwanza vya dunia na kuibuliwa, kuwarudisha zaidi ya watu 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira kwa safari 22. Wengine hawakurudi, Nyarugusu bado ina watu waliozaliwa humo. Kungoja huko hakutulizi mtu. Sisemi The Longing ni mchezo mbaya. Nasema utulivu wanaousifia unatoka kwa mchezaji: anajua kwamba anaweza kuuacha wakati wowote.

Death Stranding, wa Hideo Kojima, uliotoka Novemba 2019, uliwagawa wachezaji waziwazi. Mhusika wake ni mchukuzi wa mizigo. Anabeba masanduku mgongoni yanayopita kimo cha kichwa, akivuka miamba na mito, na mchezaji lazima aupime uzito kila hatua asianguke. Wapo waliouita saa ishirini za upagazi, wakasema hapana. Wengine walikipenda kitu kimoja hasa: ngazi, kamba na daraja uliloacha njiani vinatokea katika mchezo wa mtu mwingine usiyemjua, vikamsaidia, naye akakutumia alama ya shukrani. Daraja la mgeni lilipoonekana mbele ya mto, walioelekea kuuacha mchezo wakaendelea.

Mji huu unajua thamani ya daraja. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika usiku, ukaua watu, ukabomoa nyumba nyingi na kuukata mji vipande viwili. Baada ya mafuriko ya namna hiyo, watu hupanga mawe na miti wapate kuvuka, na vijana huwabeba wazee mgongoni kwa malipo kidogo. Aliyeweka jiwe la kwanza hafahamiki. Kojima aliishika hali hiyo akiwa mbali na huku, na kwa hili naweza kumsamehe hotuba zake ndefu.

Kinachokosekana kwenye karibu michezo yote hiyo ni mtu anayekuzuia. Papers, Please wa Lucas Pope, wa mwaka 2013, ndio ulioukaribia ukweli huo, ila kutoka upande wa pili wa dirisha: wewe ndiye mkaguzi wa pasi mpakani, na kila msafiri aliye mbele yako anakugharimu muda, huruma au mshahara. Ni mchezo ambao hausafiri hata mita moja, na nauhesabu kati ya michezo bora ya safari iliyopo. Kwa nchi yetu, kizuizi ndicho barabara. Watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walipohesabu bariyeri za Kivu mbili katika ripoti yao ya mwaka 2017, walipata 798, na 486 kati yake zilikuwa Kivu Kusini. Kila moja ni mazungumzo.

Kamba imekazwa, Hiace imesimama. Askari hasemi bei. Anachungulia ndani, anasema, "Shofere, na sisi tumeshinda hapa na jua." Dereva anajibu akitabasamu, "Mukubwa, sijapata hata ya mafuta, nitarudia hapahapa kesho." Nyuma kuna mama, anaingilia kabla sauti haijapanda: "Papa, hawa ni watoto wako, wanakwenda mtihani. Tuachilie kidogo." Abiria wanapima: nani aongeze neno, nani anyamaze, nani atoe mia tano yaishe. Mmoja akisema kwa dharau, wote watalala njiani. Kama kuna mtengenezaji anayetafuta mahali ambapo maneno yana uzito kuliko risasi, ni hapo. Wachezaji wanaolalamika kwamba katika michezo ya hadithi maamuzi yao hayabadilishi kitu wangekuta bariyeri moja ya Luvungi inatosha sura nzima.

Hata historia iliyoandikwa ya safari za kufika hapa inashuhudia uzito huo wa maneno. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipanda mitumbwi Ujiji mwaka 1858, wakafika Uvira mwezi Aprili wakitafuta jibu moja: je, Ruzizi unatoka ziwani ukaenda kuwa Nili? Mto wenyewe hawakuufikia. Jibu walilipata kwa kuuliza, wenyeji wakawaambia mto unaingia ziwani. Livingstone na Stanley ndio waliofika mdomoni mwake Novemba 1871 na kujionea. Safari nzima ya Burton ililipwa na sentensi moja ya mwenyeji aliyejua.

Kuna sehemu ya barabara hii ambayo mchezo wa kutuliza roho hauwezi kuigusa. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange. Watu walikusanyika, mafuta yakashika moto, na zaidi ya 230 wakafa, wengine wakiwa wamekaa katika vibanda vya sinema kutazama Kombe la Dunia. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 na barabara ikakatika. Desemba mwaka huohuo vita vikafika Uvira kwenyewe. Wanaosifu michezo ya safari husema wanaifurahia njia kuliko mwisho. Hapa kufika ni jambo la kushukuriwa kwa sauti, na mchezo utakaosahau hilo hautaaminiwa na mtu yeyote wa hapa, uwe na picha nzuri namna gani.

Je, mchezo huo unaweza kutengenezwa? Afrika imeshaonyesha kwamba uwezo upo. Maliyo Games ya Lagos ilitoa Okada Ride, mchezo wa kupenya foleni za Lagos kwa pikipiki ya abiria. Kiro'o Games ya Cameroon ilitoa Aurion mwaka 2016 kwa kuchangisha fedha kutoka kwa watu wengi. Wa kwanza ni wa haraka na wa pili ni wa mapigano, na hakuna ubaya. Lakini mchezo wa safari ya polepole una faida moja ambayo hiyo haina: hauhitaji picha ghali. Unahitaji waandishi wanaoijua njia.

Chukua uamuzi mmoja tu. Umefika Kamanyola, saa nane mchana, mawingu yamekaa juu ya milima. Njia ya Ngomo inabaki ndani ya Kongo, ni ya udongo na mabonde ya kutisha, na mvua ikinyesha mtalala huko. Njia ya pili inavuka Bugarama, inapita Rwanda kwenye lami hadi Rusizi, kisha inarudi Kongo mlangoni mwa Bukavu. Ni laini, lakini ina mipaka miwili, na abiria wawili hawana karatasi. Mama mwenye samaki anataka lami kabla hawajaoza. Mzee wa kiti cha mbele hataki kukanyaga Rwanda, na hasemi kwa nini. Mwanafunzi hana hata jetoni, karatasi ndogo ya kuvukia mpaka. Dereva anakutazama wewe, kondakta. Uchague, na kila utakachochagua kuna atakayekunyamazia hadi mwisho wa safari.

Hilo linaweza kuandikwa kwa Twine, programu ya bure ya kutunga hadithi zenye njia nyingi, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2009. Kazi ikikamilika inakuwa faili moja ndogo inayofunguka kwenye kivinjari cha simu nyingi bila intaneti, na kuhamishwa kwa programu ya Xender kutoka simu hadi simu ndani ya gari lenyewe. Iandikwe kwa Kiswahili cha Uvira kama kinavyosemwa, na bariyeri zenye kusemwa kwa Kifaransa ziachwe kwa Kifaransa. Ihifadhi mahali mchezaji alipofika kila anapobonyeza, kwa ajili ya chaji. Na sehemu zake ziwe fupi za kumalizika kati ya kituo na kituo, Kavimvira hadi Runingu, Runingu hadi Sange, ili anayecheza aweze kumpa simu aliye karibu naye na kumuuliza yeye angepita wapi.